Nenda Iceland, lakini dira ya Kariakoo iache nyumbani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma jiografia mwaka wa pili katika chuo kimoja Uingereza. Nyumbani ni Tukuyu. Septemba darasa letu linakwenda Iceland siku nane kwa kazi za uwandani za jiografia ya maumbile. Asiyekwenda anaruhusiwa kubaki na kufanya mradi wa picha za satelaiti. Wenzangu wengi wamepanda Alps na kuteleza kwenye theluji tangu utotoni. Mimi barafu naijua ya kwenye friji. Viza ni usumbufu, hela ni za kuungaunga. Hivi kuna kitu nitakipata kule ambacho hakimo kitabuni? Na nijiandae vipi nisije kuaibika? – Rehema

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Nalisema mapema ili usisome mpaka chini roho ikiwa juu. Mradi wa satelaiti ni mzuri na utaufanya siku nyingine ukiwa umejifunika blanketi, picha hazikimbii. Ila siku nane za kuzunguka na watu wanaolijua eneo, gari lipo, vifaa vipo, chakula kipo, ukishahitimu utazilipia mwenyewe, na Iceland si nchi ya bei nafuu.

Tuanze na hilo la aibu, maana ndilo linalokusumbua kuliko viza. Wewe umekulia mgongoni mwa volkano. Rungwe uliyokuwa ukiiona asubuhi ukienda shule ni volkano. Ngozi, yenye lile ziwa juu kileleni, ni volkano. Kyejo ilimwaga lava mnamo mwaka 1800, yaani jana kwa kalenda ya miamba. Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni lava iliyoganda juu ya maji. Ziwa Masoko ni shimo lililofumuliwa na mvuke, magma ilipokutana na maji ya ardhini. Na yale maji ya moto ya kule Kyela sidhani kama uliwahi kuyaona ya ajabu. Wenzako wa Alps wanaijua barafu kwa kuitelezea. Iceland ni barafu na moto katika sufuria moja, na huo moto umetoka nao kwenu. Siku mtakayosimama mbele ya ukuta wa basalti, yaani lava nyeusi iliyopoa, uliopasuka kwa pembe sita kama sega la nyuki, wao watatoa simu, wewe utajiuliza kama ni ule ule wa kwenu.

Sasa swali lako: kuna nini kule kisichokuwemo kitabuni?

Nikupe mfano mdogo, wa jiwe. Kitabu kinasema mawe yaliyoachwa na mto wa barafu yana kona, na kadiri maji yanavyoyabingirisha ndivyo yanavyokuwa mviringo. Sentensi moja, umeielewa, umeshaijibia mtihani. Karibu kila chuo kinachokwenda kusini mwa Iceland hupeleka wanafunzi Sólheimajökull, ulimi wa barafu unaoshuka kutoka kwenye kofia kubwa ya Mýrdalsjökull. Pale mtaambiwa mpime mawe 50 mbele ya barafu, 50 mengine mita mia kadhaa chini ya mto, na 50 karibu na barabara kuu. Kila jiwe lina vipimo vitatu: urefu, upana, unene. Kisha unalilinganisha na chati ya michoro kuamua lina kona kiasi gani.

Kazi ya mtoto, utasema. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Jiwe la kwanza utakaloinama kuliokota utalichagua bila kujijua: zuri, la kushikika, la kuenea kiganjani. Yale makubwa umeyaruka, changarawe umezidharau. Tayari takwimu zako zimepinda na hujapima kitu. Ndiyo maana utafundishwa kutembea hatua moja, kufumba macho, kuinama na kuchukua jiwe lililogusana na ncha ya kiatu chako, liwe zuri, liwe baya. Halafu mpe mwenzako jiwe lile lile mlipime kila mmoja kivyake. Wewe umeandika milimita 84, yeye 79. Nani kakosea? Hakuna, hamkukubaliana urefu wa jiwe unaanzia wapi. Na kwenye ile chati ya kona mtabishana zaidi, maana macho ya watu hayafanani. Jioni mkichora grafu, mstari uliotakiwa upande taratibu utakuwa unayumba kama mlevi, na katika kituo cha pili mawe yatakuwa na kona kuliko ya kwanza. Kwa nini? Pengine mlisimama pale kilima kinapomwaga mawe yake mtoni. Pengine mafuriko ya zamani yalitapika mzigo mpya. Pengine ni nyinyi tu, mikono imekufa ganzi kwa baridi mkaanza kukadiria. Kitabu hakina ukurasa wa namna hiyo, kwa sababu mwandishi alishausafisha kabla hujaufungua.

Mimi mwenyewe somo langu la kwanza la uwandani ugenini lilikuwa la fedheha, na kichwa cha barua hii kimetoka huko. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili. Kabla ya kusafiri nilipita Kariakoo nikanunua dira, ya kioo, nzito mkononi, kwa bei niliyojisifia wiki nzima. Kule nikapewa kazi ya kupima mwelekeo wa mawe marefu yaliyonasa ndani ya moreni, yaani lundo la udongo na mawe lililoachwa na barafu. Barafu inapokokota mawe huyalaza mengi yakielekea inakokwenda, kama nywele zilizochanwa, hivyo ukipima 50 unajua barafu ilitoka wapi na ilikwenda wapi. Nikapima asubuhi hadi saa tisa. Matokeo yangu yakaonyesha kwamba barafu ilikuwa ikipanda ukuta wa bonde kwa ubavu.

Msimamizi wetu hakucheka, nikamshukuru. Alichukua dira yangu, akaiweka kiganjani, akaniambia niinamishe kichwa nitazame sindano kwa ubavu. Ilikuwa imeinama, ncha ya kaskazini inakwaruza sakafu ya dira kama jembe. Sindano haivutwi kaskazini tu, inavutwa na chini. Kwetu Tanzania ncha inayovutwa chini ni ya kusini, kwa kuwa ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, huko Ethiopia. Iceland inavutwa ya kaskazini, tena kwa nguvu, maana kule mistari ya sumaku ya dunia imekaribia kusimama wima. Ndiyo maana watengenezaji huzisawazisha dira kwa kanda, na yangu ilisawazishwa kwa ajili ya upande wetu wa dunia. Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe: kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani kwetu hazipishani sana, digrii chache tu, basi nikazoea kuzichukulia kama kitu kimoja. Iceland zinapishana digrii 10 hivi. Ukitembea kilomita 1 kwa kosa la digrii 10, unafika mita 176 pembeni mwa ulikokusudia. Na katika ukungu, mita 176 zinatosha kukutoa kwenye njia na kukuweka ukingoni mwa genge. Na basalti yenyewe ina sumaku kidogo, kwa hiyo usiiweke dira juu ya mwamba, wala karibu na sepetu, wala na kile kifuniko cha simu chenye sumaku.

Dira tumia watakayokupa. Ile ya kwangu ninayo hadi leo, inakandamiza karatasi mezani.

Tuje kwenye barafu yenyewe. Utakapoiona mara ya kwanza utadhani umepotezwa, kwa sababu ni nyeusi. Sólheimajökull imejaa majivu, volkano ya Katla ikiwa chini ya kofia ile ile ya barafu. Na juu yake utaona vilima vidogo vyeusi vyenye ncha, vingine kimo cha goti, vingine vinakuzidi. Ukikwangua kimoja kwa kidole, chini ya sentimita chache za majivu kuna barafu tupu. Hapo mwalimu atawauliza: majivu yanaiyeyusha barafu au yanaikinga? Wenzako watasema yanaiyeyusha, kwa kuwa cheusi hunywa joto la jua. Wewe mkumbuke muuza samaki pale Feri, Dar es Salaam: barafu yake anaifunika kwa magunia isiyeyuke. Vumbi jembamba huiyeyusha barafu upesi. Blanketi nene hulifanya joto lisifike chini. Mahali palipo na majivu mengi barafu inabaki nyuma huku ya jirani inashuka, na baada ya wiki kadhaa una kilima. Majibu yote mawili ni sahihi. Kinachoamua ni unene wa majivu, na unene unapimwa kwa rula ya shilingi mia tano.

Kuifikia hiyo barafu ni dakika kumi na tano hivi kwa miguu kutoka maegesho ya magari. Fikiria: ya Kilimanjaro unaifuata siku tano, kichwa kinauma, na ukifika imebaki kidogo. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu la Kilimanjaro lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Sólheimajökull nayo inarudi nyuma, lakini ina kumbukumbu za vipimo tangu miaka ya 1930, na kumbukumbu hizo hazisimulii hadithi iliyonyooka. Ilirudi nyuma miongo kadhaa, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya 1990 ikasonga mbele karibu nusu kilomita, ndipo ikaanza kukimbia tena, na sasa mbele yake kuna ziwa ambalo halikuwepo nilipokuwa kijana. Tangu 2010 watoto wa shule ya Hvolsvöllur wamekuwa wakienda kila mwaka kupima imerudi nyuma kiasi gani, na wameshahesabu mamia ya mita. Watoto wa shule ya msingi, Rehema. Hapo hofu ya kuaibika unaitupa ziwani.

Kabla hujaondoka pale, vuta pumzi. Ule mto unaotoka chini ya barafu wenyeji waliupa jina la Fúlilækur, mto unaonuka. Harufu ni ya mayai viza, na inatokana na gesi ya salfa ya maji yaliyogusana na joto la volkano chini ya barafu. Harufu ikizidi ghafla na maji yakajaa, hakuna mjadala, watu wanaondoka. Mnamo Julai 1999 mto huo ulileta mafuriko ya ghafla kutoka chini ya barafu. Wataalamu duniani kote huyaita kwa jina la Kiiceland, jökulhlaup.

Kubwa kuliko yote ya siku hizi utaoneshwa mabaki yake mkifika Skeiðarársandur, uwanda wa changarawe usio na mwisho kusini mwa kofia ya barafu ya Vatnajökull. Mwishoni mwa Septemba 1996 volkano ililipuka chini ya barafu. Maji yalijikusanya kwa zaidi ya mwezi ndani ya ziwa lililozibwa, nchi nzima ikiwa inasubiri, hadi tarehe 5 Novemba yalipotoka. Kilele chake kilipita mita za ujazo 40,000 kwa sekunde. Sasa namba kama hiyo darasani inapita kama upepo, kwa hiyo ifanye hivi: mto Kongo, wote, na matawi yake yote, humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 40,000 kwa sekunde. Basi kwa saa chache mto Kongo ulipita pale penye barabara. Daraja moja lilifagiliwa lote, jingine likakatika. Hakufa mtu, maana barabara ilishafungwa. Kando ya barabara karibu na Skaftafell wameacha mihimili ya chuma ya daraja iliyopindwa. Weka mkono juu ya chuma kile, kisha geuka uutazame ule uwanda wa changarawe. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini ile grafu yenu ya mawe 50 iliyumba. Mto wa kila siku husaga mawe kidogo kidogo. Siku moja ya mafuriko, kama ile ya Julai 1999 pale Sólheimajökull, hupanga upya kila kitu, na nyinyi mlikuwa mnapima mchanganyiko wa hayo mawili.

Þingvellir sitakaa sana, watakupeleka hata usipotaka. Watalii hujipiga picha wakisema mguu mmoja uko Marekani, mwingine Ulaya. Si kweli. Mabamba mawili ya ganda la dunia yanaachana kwa sentimita 2 hivi kwa mwaka katika Iceland nzima, lakini mpaka wenyewe ni ukanda mpana wa nyufa nyingi, kilomita kadhaa, na hapo katikati sakafu imezama. Katika matetemeko ya 1789 ilishuka tena. Ukisimama juu ya ukuta wa Almannagjá ukiitazama sakafu hiyo, kumbuka umbo hilo lilielezwa vizuri wapi. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba kutoka London, John Walter Gregory, alitoka Mombasa akiongozana na wapagazi, akapanda hadi Baringo, akaonyesha kwamba bonde lile halikuchimbwa na mto. Ardhi ilididimia kati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Jina la Bonde la Ufa lilienea duniani kutokana na safari ile. Huyo alikuwa mwanafunzi wa uwandani ugenini kama wewe, ila yeye alibebewa mizigo, na waliombebea walizungumza Kiswahili. Wewe utabeba mwenyewe.

Kuna wasomaji watakaoniuliza Iceland inatuhusu nini. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipotoa majivu, anga la Ulaya likafungwa, na maua ya Naivasha yakaozea kwenye maghala ya Nairobi kwa kukosa ndege. Na tangu 1979 Iceland ina mafunzo ya miezi sita ya nishati ya jotoardhi, na hakuna nchi iliyopeleka wataalamu wengi kuliko Kenya. Baadhi yao wako Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa 1981. Maji ya kuoga ya Reykjavik yatakunukia mayai viza. Ukizoea, utajua tu kwamba yanatoka ardhini.

Viza, kwa haraka. Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kibali chako cha masomo Uingereza hakikusaidii kuingia. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usivuke siku 15 kabla. Mimi nakuambia anza sasa hivi, maana nafasi za miadi kiangazi hugombaniwa kama tiketi za basi wakati wa Krismasi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Omba chuo barua inayotaja tarehe, malazi na kwamba safari ni sehemu ya masomo. Kisha muulize mratibu wa safari ana kwa ana, si kwa baruapepe: je, ada ya viza inarudishwa? Wanafunzi wenye pasi za Ulaya hawaulizi swali hilo, kwa hiyo mara nyingi hakuna aliyelifikiria, na huenda idara ikalipa ikiulizwa. Kuomba si kujidhalilisha. Vyuo vingi vina mfuko wa dharura wa wanafunzi, na ni wako kama wa mwingine.

Nguo: baridi ya Septemba kule kusini si kali kama unavyodhani, adui ni upepo wenye mvua. Wewe wa Tukuyu mvua huiogopi, ila ya kwenu huanguka kutoka juu. Ya kule hukujia usoni. Koti la mvua na suruali yake visivyopitisha maji ndivyo vya kutumia fedha. Vingine, sweta za sufu, soksi, glavu, kofia, chukua maduka ya mitumba ya hisani huko huko Uingereza. Kama ungekuwa likizoni nyumbani ningekutuma Karume, Ilala. Nimewaona wanafunzi wangu wakitoka na makoti ya mlimani ambayo wenzao waliyanunua kwa mshahara wa mwezi. Suruali ya jinzi usiichukue kabisa. Ikilowa haikauki, na utaitembeza ikiwa nzito kama gunia la chumvi. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu na kofia ngumu watawapa, na bila mwongozaji usikanyage barafu hata kama inaonekana tambarare. Mkipita ufukwe wa Reynisfjara, usiipe bahari mgongo. Mawimbi ya pale yameshaua watu waliokuwa wakipiga picha.

Daftari liwe la karatasi ngumu, na andika kwa penseli. Wino ukilowa unakimbia na kazi yako yote. Na jifunze kutenganisha ulichokiona na unachokidhani: ukurasa wa kushoto andika "mawe makubwa juu, mchanga chini, mpaka mkali", wa kulia andika "nadhani mafuriko yalikuja ghafla". Miezi mitatu baadaye utagundua dhana ilikuwa mbovu lakini ulichokiona bado kina thamani. Wanafunzi wanaochanganya hayo mawili hubaki na dhana mbovu peke yake. Chora pia, hata kama huna mkono wa kuchora. Picha ya simu inachukua kila kitu kwa usawa. Penseli inakulazimisha uamue mstari upi ni ufa na upi ni kivuli.

Sasa mradi wako binafsi, maana najua watakutaka uchague mmoja. Wengi watakimbilia barafu. Wewe chagua udongo. Karibu na Skaftafell, palipo na nyasi na ukingo uliomomonyoka, safisha ukuta wa udongo kwa mwiko hadi uwe laini, kisha uone matabaka: kahawia, jeusi, kahawia, halafu utepe mweupe au wa kijivu hafifu. Utepe huo, mwalimu wako akiuthibitisha, ni majivu ya Öræfajökull ya mwaka 1362, mlipuko uliofuta mashamba yote ya wilaya ile hata ikabadilishwa jina na kuitwa nyika. Pima udongo uliolala juu yake. Tuseme umepata sentimita 60: gawanya kwa miaka 660 na kitu, unapata karibu milimita 1 kwa mwaka. Ni vumbi lililoletwa na upepo. Sehemu nyingi kuna tabaka jingine chini zaidi, la miaka ya 870, wakati watu wa kwanza walipokuwa wanaingia nchini na kondoo wao. Chini ya tabaka hilo udongo ulijengeka polepole. Juu yake, kwa kasi. Inakadiriwa robo ya nchi au zaidi ilikuwa na misitu ya betula. Watu wakakata, kondoo wakala machipukizi, upepo ukabeba ardhi. Mtu wa Kondoa hahitaji kuelezwa mara mbili, mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa kisa hicho hicho. Aliyefungua njia ya kusoma miaka katika majivu namna hii ni Mwaisilandi, Sigurður Þórarinsson, katika miaka ya 1940, na kifaa chake kikuu kilikuwa sepetu.

Halafu Desemba ukienda nyumbani, usikae tu unakula ndizi za mama. Tafuta mahali barabara imekata kilima, au pale wanapochimba mchanga wa kujengea. Kuna utepe wa vijiwe vyepesi vya rangi hafifu, vile mnavyosugulia visigino. Vikitupwa majini vinaelea. Rungwe ilivirusha yapata miaka 4,000 iliyopita, na juu yake, ukielekea upande wa Ngozi, kuna majivu mapya zaidi ya Ngozi yenyewe. Safisha ukuta kwa mwiko, pima kutoka juu kwenda chini, ukurasa wa kushoto na wa kulia. Watoto watakuzunguka wakiuliza unatafuta madini gani. Wape ncha ya futikamba washike, kisha uniandikie mmehesabu matabaka mangapi.